Maneno marefu kwenye kadi ya hospitali: yasome kwa vipande

Karatasi ya ruhusa kutoka wodini, kadi ya kliniki, fomu ya kusaini kabla ya upasuaji: nyingi huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata mtu aliyefaulu Kiingereza shuleni hakielewi. Maneno yenyewe mengi yameundwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande hivyo hurudiwarudiwa. Ukivijua vichache, utaanza kuelewa kilichoandikwa kuhusu wewe au mtoto wako, na utajua la kumuuliza daktari.

"Hypo" na "hyper"

Tunaanza na hivi viwili kwa sababu vinafanana sana, hasa kwa mwandiko wa haraka, na maana zake zinapingana. "Hypo" ni chini, pungufu. "Hyper" ni juu, kupita kiasi. Njia rahisi ya kukumbuka: "hypo" hutamkwa karibu sawa na neno letu "haipo". Sukari haipo ya kutosha, joto halipo la kutosha.

"Hypoglycaemia" ni sukari ya damu kushuka. Mtoto mchanga akipatwa nayo anaweza kutetemeka, kulegea, kukataa kunyonya au kupata degedege. Ndiyo maana wakunga husisitiza mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa na awekwe kifuani kwa mama apate joto. Malaria kali nayo hushusha sukari ya mtoto.

"Hyperglycaemia" ni sukari kupanda. Mtoto huenda haja ndogo mara nyingi, ana kiu isiyoisha, anakonda ingawa anakula. Mara nyingi hapo ndipo kisukari hugunduliwa.

Kama unalea mtoto mwenye kisukari anayechomwa insulini, tofauti ya maneno haya ni suala la uhai. Insulini hushusha sukari. Ukisoma "hyper" mahali palipoandikwa "hypo" ukamwongezea insulini, unaishusha sukari ambayo tayari iko chini. Pima kwa mashine kwanza. Kwa mtoto huyu, kipimo chini ya 3.9 (au chini ya 70, kwa mashine zinazotumia hesabu nyingine) ni sukari iliyoshuka. Kama ana fahamu, mpe kinywaji chenye sukari, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Kama hana fahamu, usimmiminie kitu mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Mkimbize hospitali.

Vipande hivi utavikuta pia kwenye kadi yako ya ujauzito. "Hypertension" ni shinikizo la juu la damu. Mjamzito anayepimwa 140/90 au zaidi asirudi nyumbani bila kuambiwa kinachofuata. Ikiwa pembeni yake pameandikwa "proteinuria", jua kuwa "uria" ni mkojo, na protini imeonekana ndani yake. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, mambo hayo mawili yakikutana ni ishara ya hali inayotangulia kifafa cha mimba.

"Aemia": habari za damu

Neno likiishia na "aemia", linaeleza kitu kilichomo kwenye damu au hali ya damu yenyewe. Wanaofuata tahajia ya Kimarekani huandika "emia". Ni kitu kimoja. "Anaemia" ni upungufu wa damu. "Septicaemia" ni maambukizi yaliyoingia kwenye damu, nayo ni dharura.

Lile linalotisha kwa urefu ni "hyperbilirubinaemia", herufi 19. Likate: "hyper", kupita kiasi, "bilirubin", kemikali ya rangi ya njano, "aemia", kwenye damu. Ni manjano ya mtoto mchanga, basi. Watoto wengi hupata manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, na huisha. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zikiwa za njano, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ngozi nyeusi angalia macho, fizi na viganja. Kumwanika juani si tiba. Hospitalini wana taa maalumu za kazi hiyo.

"Itis": kuvimba

Sehemu fulani imevimba, ina joto na inauma, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi. "Tonsillitis" ni mafindofindo. "Conjunctivitis" ni macho mekundu. "Mastitis" ni titi lililovimba, na mama mwenye nayo aendelee kunyonyesha, maana kuacha ghafla huzidisha uvimbe.

Mwisho huu haukuambii ukali wa ugonjwa. "Meningitis", yaani homa ya uti wa mgongo, ina herufi hizo hizo na inaweza kuua kwa saa chache.

"Ectomy": kuondoa

Hapa soma taratibu, kwa sababu maneno haya hukaa juu ya mstari unaowekwa saini. "Ectomy" ni kukata na kuondoa. "Appendicectomy" ni kuondoa kidole tumbo.

Sasa linganisha mawili. "Myomectomy" ni kuondoa uvimbe ulioota kwenye mfuko wa uzazi, mfuko unabaki. "Hysterectomy" ni kuondoa mfuko wenyewe, na baada yake hakuna hedhi wala mimba tena. Ukiona "+/- hysterectomy" kwenye fomu ya upasuaji wa kujifungua, maana yake ni kwamba mfuko wa uzazi utaondolewa ikilazimu, kwa mfano damu isipokatika. Wakati mwingine hilo ndilo linalookoa maisha ya mama. Hata hivyo, unapaswa kulisikia kabla ya kusaini.

Pasipo "ec", yaani "tomy" peke yake, ni kukata au kufungua tu: "laparotomy" ni kufungua tumbo. Na "stomy" ni kutengeneza tundu. Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa anaweza kufanyiwa "colostomy", utumbo mkubwa ukatolewa kwenye tundu tumboni. Kwa watoto wengi tundu hilo hufungwa baadaye.

Maneno mazito si lazima yawe marefu. "BTL" ni herufi tatu tu, na ni kufunga kizazi. Ukiiona kwenye fomu yako na hukuzungumza na mtu kuhusu jambo hilo, usisaini. Sema: "Daktari, naomba unieleze kwa Kiswahili mtatoa nini, mtaacha nini, na kama nitaweza kupata mimba tena." Ni haki yako kuelezwa kwa lugha unayoielewa.

Usisubiri kulielewa neno

Chochote kilichoandikwa kwenye kadi, mrudishe mtoto hospitali mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Nenda na kadi zote, hata za zamani.