Habari za Gordon Zahn, Mwalimu Aliyekataa Kushika Silaha

Wazee wa Rungwe waliwasimulia watoto wao habari za vita vilivyoanza mwaka 1914. Mwezi wa Septemba mwaka ule askari wa Kijerumani walitoka boma la Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu, wakavuka mto Songwe, wakawashambulia Waingereza huko Karonga. Mwezi wa Mei 1916 Waingereza nao wakaja wakalitwaa boma. Pande zote mbili zilichukua watu wetu kuwa wapagazi, na wengi waliokufa hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa na maradhi. Hapana aliyewauliza kama dhamiri zao ziliridhika. Basi yatupasa kujua habari za mtu aliyeulizwa, akajibu, La.

Gordon Zahn alizaliwa Milwaukee, Marekani, tarehe 7 Agosti 1918, akawa Mkatoliki. Vita vikuu vya pili vilipokuja, sheria ya Marekani ya mwaka 1940 ilimruhusu mtu ambaye imani yake yamkataza kupigana afanye kazi nyingine badala ya uaskari. Watu kama 12,000 walipelekwa makambini kwa sheria hiyo. Wengi wao walikuwa wa madhehebu yaliyofundisha tangu zamani kwamba Mkristo asipigane. Wakatoliki walikuwa wachache mno, nao walistaajabiwa, maana Kanisa lao hufundisha kwamba viko vita vya haki. Zahn alipelekwa kambi ya Warner, New Hampshire, kufanya kazi pasipo mshahara. Baadaye akatumwa Rosewood, Maryland, kuwatunza watu wenye upungufu wa akili.

Vita vilipokwisha alijitia katika elimu, akapata shahada ya udaktari mwaka 1952, akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Chicago. Mwaka 1956 alikwenda Ujerumani kutafuta habari za Wakatoliki waliopinga vita vya Hitler. Alisoma magazeti ya Kanisa na nyaraka za maaskofu, akaona kwamba waumini walihimizwa kuitii serikali na kuipigania nchi yao. Waliokataa waziwazi, aliowapata yeye, walikuwa saba tu. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1962, nacho kiliwaudhi wengi.

Mmoja wa wale wachache alikuwa mkulima wa Austria, jina lake Franz Jägerstätter, mtunza kanisa katika kijiji cha Mtakatifu Radegund. Alikuwa na mke na binti watatu wadogo. Askofu wake alimshauri aende vitani kwa ajili ya jamaa yake. Lakini yeye aliona kwamba vita vile ni dhuluma, akakataa. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Zahn alikwenda kijijini kwake, akawahoji mjane na majirani, na mwaka 1964 akatoa kitabu juu yake. Pasipo kitabu hicho, watu wachache nje ya kijiji kile wangalimjua mkulima huyo.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba yafaa sheria ziwatendee kwa ubinadamu wale wanaokataa silaha kwa ajili ya dhamiri, maadamu wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Tarehe 26 Oktoba 2007 Jägerstätter alitangazwa Mwenye Heri huko Linz. Zahn alifariki tarehe 9 Desemba mwaka uo huo.

Labda msomaji atauliza: Kama Wamarekani wote wangalikataa kama Zahn, nani angalimzuia Hitler? Swali hili ni la haki, wala hatuwezi kulipuuza, kwa kuwa wako waliokwenda vitani kwa dhamiri safi wakaokoa watu wengi. Lakini kazi ya Zahn yatuletea swali la pili: Kama Wakristo wa Ujerumani wangalikataa kama yule mkulima, Hitler angalipigana kwa mikono ya nani?

Mafundisho ya vita vya haki hayafai kitu, ikiwa kila mtu amwachia mkubwa wake kazi ya kupima. Mkubwa aweza kukosa. Naye atakayeshika bunduki ni mtu mdogo, na mbele za Mungu ataulizwa yeye mwenyewe yale aliyoyatenda kwa mikono yake.