Gesi ya Kivu: saini kwetu, bomba ng'ambo

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia katika sekondari hapa Bukavu, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa ziwa letu likichorwa ubaoni kana kwamba limekatwa wima. Nilianza na mstari wa maji, nikaweka kisiwa cha Idjwi, kisha nikaishusha chaki. Kaskazini, kuelekea Goma na Gisenyi, ilikwenda mpaka mita 485. Upande wetu ilikwama kwenye mita 100 hivi. Wanafunzi hawakuipenda sehemu hiyo. Gesi yenye faida huanzia kina cha mita 260 kwenda chini, kwa hiyo ghuba tunayoiona kutoka Muhumba, ile ambayo wanasiasa wakipanda jukwaani huinyooshea kidole wakisema utajiri wetu umelala pale, haina kitu cha kuuza. Ina samaki wadogo, sambaza, na sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa ukoloni. Gesi iko mbele huko, kwenye maji makuu tunayogawana na Rwanda.

Mbelgiji Hubert Damas alipima ziwa hili mwaka 1935, akakuta jambo lisilo la kawaida: badala ya maji kuzidi kuwa baridi kadiri unavyoshuka, huku chini yalikuwa ya moto zaidi na ya chumvi zaidi. Chumvi huyafanya yawe mazito, kwa hiyo hayapandi juu ingawa ni ya moto. Chemchemi za chini na volkano huyaingizia hewa ya ukaa, vijidudu navyo hutengeneza metani, na vyote viwili hubaki vimefungiwa humo kwa uzito wa maji ya juu. Wataalamu waliorudi kati ya 1952 na 1954 walipima vizuri zaidi, na leo makadirio yanayotajwa sana ni kilomita za ujazo 60 za metani na 300 hivi za hewa ya ukaa.

Tazama nani aliyefaidika kwanza. Hakuwa mama wa Kadutu, hapa Bukavu, mwenye mbabula yake ya makaa. Ilikuwa bia. Kampuni ya Union Chimique Belge iliweka kituo kidogo pale Rubona, karibu na Gisenyi, na kuanzia 1963 gesi ya ziwa ikawa inachemsha maji ya kiwanda cha Bralirwa. Shangazi yangu aliolewa upande ule, na tulipokwenda kumtembelea kwa boti mume wake alikuwa akituonyesha mahali bomba linapotoka majini kwa fahari ya mtu aliyelichimba mwenyewe. Mpango ni rahisi ajabu. Unashusha bomba hadi kwenye maji mazito, unayavuta kidogo ili yaanze kupanda, halafu yanajipandisha yenyewe, maana kadiri uzito wa juu unavyopungua gesi inaachia mapovu, kama bia ya Primus ukiifungua. Juu unatenga gesi na maji, unaiosha ili hewa ya ukaa ipungue, unaipeleka kwenye tanuri au mashine ya umeme. Kazi ngumu ni kuyarudisha maji yaliyobaki: ukiyamwaga katika kina kisichofaa unavuruga tabaka zilizotulia kwa karne nyingi.

Nchi mbili zikaelewana. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilisaini mkataba kwamba metani ni mali ya zote mbili. Mwaka uliofuata, pamoja na Burundi, zikaunda CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, makao yake Gisenyi. Jumuiya hiyo imechekwa sana, lakini mimi siicheki. Bwawa la Ruzizi I, hapa hapa mdomoni mwa ziwa, lilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II lilijengwa na nchi hizi tatu zenyewe, chini ya kampuni yao ya pamoja, SINELAC, na likaanza kufanya kazi mwaka 1989. Limepita katika vita vyote tulivyoviona na mashine zimeendelea kuzunguka. Kwa hiyo anayeniambia kwamba sisi na majirani hatuwezi kuendesha kitu pamoja, namwonyesha Ruzizi.

Gesi nayo ilipata kampuni yake ya pamoja, SOCIGAZ, mwaka 1990. Haikuwahi kuwasha hata taa moja. Mwezi Oktoba mwaka ule ule vita vilianza Rwanda, 1994 yakatokea mauaji ya kimbari na wakimbizi wakajaa katika mitaa yetu, 1996 vita vikaingia Bukavu kwenyewe. Nani angezungumzia kina cha kurudishia maji wakati ule?

Jirani alipopumua, hakusubiri. Mwaka 2008 kituo cha majaribio kikaanza kuzalisha umeme kwa gesi pale pale Rubona. Mwaka 2016 KivuWatt ya ContourGlobal ikazinduliwa Karongi ikiwa na megawati 26, karibu sawa na Ruzizi I nzima. Kampuni ya Shema Power ikafuata. Sina sababu ya kuwalaumu Wanyarwanda kwa kufanya tulichoshindwa. Ninachouliza ni hiki: ikiwa mkataba wa 1975 unasema mali ni ya wawili, kila mita ya ujazo inayotolewa upande mmoja inaandikwa wapi katika daftari la upande wa pili?

Sisi Wakongo wa mashariki tulishapitia somo hili kwenye ziwa jingine. Huko Albert, mpakani na Uganda, Agosti 2007, watu waliuawa katika ugomvi wa kampuni za mafuta na mpaka karibu na kisiwa cha Rukwanzi. Mwezi uliofuata marais Kabila na Museveni walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakasaini makubaliano. Mwaka 2010 vitalu vya upande wetu vikapewa Caprikat na Foxwhelp, kampuni zilizosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, zenye uhusiano na Khulubuse Zuma, mpwa wa rais wa Afrika Kusini wa wakati huo. Uganda leo ina visima. Sisi tuna mafaili.

Halafu ikaja Julai 2022. Rais Tshisekedi alifungua mnada Kinshasa wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, kwa kufuata sheria ya hidrokaboni ya 2015. Dunia ilipiga kelele juu ya vile vya mafuta, vilivyogusa hifadhi ya Virunga na misitu ya majimaji ya bonde la Kongo, na nadhani ilikuwa haki. Sisi tulikumbuka jinsi SOCO ilivyotafuta mafuta Virunga hadi ikakubali kuondoka mwaka 2014, miezi michache baada ya mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, kupigwa risasi. Lakini kelele zile zilifunika vitalu vitatu vya Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 Waziri Didier Budimbu alitangaza washindi. Symbion Power ya Marekani, ambayo ilishafanya kazi ya gesi upande wa Rwanda, ilipata Makelele. Winds ikapata Idjwi. Alfajiri Energy ya Kanada ikapata Lwandjofu. Mnada wa mafuta wenyewe ulifutwa Oktoba 2024.

Wakati washindi wanatangazwa, nyumbani kwetu tulikuwa tunapika kwa makaa, kama jana yake na kesho yake. Gunia linatoka Kalehe au pembezoni mwa Kahuzi-Biega. Umeme wa SNEL ukija usiku wa manane, mke wangu anaamka kupiga pasi. Jirani mmoja, fundi redio, aliniuliza kama gesi ya Idjwi itakuja kwa chupa au kwa waya. Nilimwambia kwa waya, kama itakuja.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Vitalu vilivyochorwa Kinshasa vikabaki kwenye karatasi za Kinshasa. Tarehe 27 Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zilisaini makubaliano Washington, na ndani yake, kati ya mambo ya uchumi, imo usimamizi wa pamoja wa rasilimali za Ziwa Kivu. Ni lile lile la 1975, safari hii Mmarekani akiwa shahidi.

Basi kama kweli wataketi, mimi ningewaomba waanzie Kabuno. Ni ghuba ndogo upande wetu, kaskazini-magharibi, karibu imejitenga na ziwa. Hewa ya ukaa mle haiko mita mia mbili chini. Maji yaliyojaa gesi yanaanza kina cha mita 12 hivi, na volkano ziko jirani. Watu wa Goma wanaijua hewa hiyo kwa jina la mazuku, inayoua mbuzi na watoto mabondeni. Ziwa Nyos la Kameruni liliitapika usiku mmoja wa Agosti 1986, wakafa watu 1,700 na zaidi, na Nyos ni dogo mno ukilipima na hili. Mwaka 2001 Nyos ilitiwa bomba la kuipunguza gesi taratibu. Kabuno nayo imefanyiwa majaribio ya namna hiyo, kisha hela zikakatika. Mnada wa vitalu vya Kivu wa 2022 ulihusu metani, kwa sababu metani inawaka na inalipa. Hewa ya ukaa ya Kabuno haina mnunuzi, na katika vitalu vile vitatu sikuona hata kimoja kilichopewa mtu kwa sharti la kuanza nayo.