Viboko Vinne, Miaka Thelathini: Sheria, Jamii na Mwalimu Anayemdhuru Mwanafunzi

Kila Januari mitaa ya Kongo na Msimbazi, pale Kariakoo, hufurika wazazi wanaosaka sare, madaftari na viatu vyeusi vya shule. Mzazi huukagua mshono wa sketi, huikunja soli ya kiatu, hubishana bei mpaka muuzaji akubali. Shule ikifunguliwa, mzazi yuleyule humkabidhi mwanawe kwa mwalimu asiyemjua hata jina, bila kuuliza swali lolote. Imani hiyo ina historia ndefu. Walimu wengi wameistahili, wakifundisha madarasa yaliyosongamana kwa mishahara midogo. Lakini wapo walioitumia kumwumiza mtoto, kwa fimbo au kwa kumwingilia kimwili, na historia ya jinsi nchi hii ilivyowachukulia watu hao inastahili kusimuliwa bila kumung'unya maneno.

Ninasimulia mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Sheria imeyatenga: fimbo ni nidhamu, ubakaji ni jinai. Mtoto hayatengi. Kwake yote mawili yanatoka kwa mtu mmoja mwenye sauti isiyopingwa, na mazoea ya kuvumilia la kwanza ndiyo yanayomfunga mdomo likija la pili.

Kabla Wajerumani hawajafika, mtoto wa pwani alisomea chuoni, amekaa mkekani na juzuu mikononi, mwalimu wake ana bakora kando. Wazazi waliamini kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hata hivyo, mwalimu wa chuo aliishi mtaa mmoja na wazazi, akaswali nao, akala nao maulidini. Jicho la mtaa lilikuwa karibu naye.

Ukoloni ulileta fimbo ya dola, na dola haikuwa jirani ya mtu. Mwaka 1896 amri ya kansela wa Ujerumani iliweka kikomo cha viboko 25 kwa adhabu moja, na watu wa pwani wakaijua adhabu hiyo kwa jina la hamsa ishirini. Waarabu na Wahindi hawakuguswa nayo. Ilikuwa ya Mwafrika. Waingereza, waliokuta kambi ya wapagazi wa vita pale palipokuja kuitwa Kariakoo na kupageuza makazi ya Waafrika, nao walitunga sheria yao ya adhabu ya viboko mwaka 1930. Katika shule za serikali za wakati huo mtoto alijifunza kusoma, kuandika na kupigwa na mtumishi wa serikali.

Uhuru haukuivunja fimbo hiyo. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya bendera kupandishwa, Bunge lilipitisha sheria ya adhabu za chini iliyoamuru wezi wa mali ya umma na wala rushwa wachapwe viboko 24: 12 wakiingia gerezani na 12 wakikaribia kutoka. Kwa hiyo Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilipompa waziri mamlaka ya kutunga kanuni za shule, wachache waliona ajabu kwamba fimbo ilibaki darasani. Taifa lilikuwa linamwita Rais wake Mwalimu. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilikuwa imewapeleka wanafunzi shambani pamoja na walimu wao, na Azimio la Musoma la 1974 likafungua milango ya shule kwa mamilioni. Yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini humo humo yalikua mazoea ambayo kila aliyesoma enzi hizo anayakumbuka: mabinti kutumwa nyumbani kwa mwalimu kuchota maji, kufua na kupika. Hapakuwa na aliyeuliza kwa nini binti wa miaka 13 yuko peke yake katika nyumba ya mwanamume, kwa kuwa alitumwa na mwalimu.

Sauti za kuuliza zilianza kusikika mwishoni mwa miaka ya 1980. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilizaliwa mwaka 1987 na kuanza kuandika hadharani yale yaliyosemwa jikoni tu. Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kunyanyaswa kijinsia na wanafunzi wenzake. Msiba ule uliwaingiza wanawake wa jiji katika mapambano, na miaka minane baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Na. 4 ya 1998.

Sheria hiyo ilikuwa kali kuliko zote zilizoitangulia. Kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na viboko, faini na fidia. Akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Sheria ilimtaja pia mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kumbaka aliye chini yake. Na ilibadili kanuni ya ushahidi, ili mahakama iweze kutia hatiani kwa neno la mtoto aliyetendewa, hata bila ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli.

Lakini ilibakisha mlango mmoja wazi. Mwanamume hakuhesabiwa mbakaji iwapo msichana ni mkewe na ametimiza miaka 15, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa umri huo kuolewa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya 2016, iliyotokana na shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinakiuka Katiba. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo iliongezewa kifungu: kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30.

Mtu akizisoma sheria hizi ataamini kwamba vita imekwisha. Ngoja tuifuate kesi moja ya kawaida, bila jina la mtu. Mama amegundua jambo. Wa kwanza kumweleza ni mama yake mzazi, naye anamwambia atulie. Kesho yake mkuu wa shule anaomba suala lisifike mbali, jina la shule lisichafuke. Jioni ndugu wa mwalimu wanabisha hodi na bahasha. Mama akikataa, anakwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali, na kila saa inayopita ushahidi wa mwilini unapotea. Jalada likifika mahakamani, kesi huahirishwa na kuahirishwa tena. Mtoto anaitwa kusimulia upya mbele ya watu wazima asiowajua. Kuna mama anayefika mwisho wa safari hii. Wengi huishia njiani, na mtaa husema wameyamaliza kifamilia.

Aliyefika mwisho alikuta kikwazo kingine. Kwa miaka mingi sheria ilimtaka hakimu kumhoji kwanza mtoto wa umri usiozidi miaka 14, kupima kama anaelewa maana ya kiapo, na kuyaandika majibu yake. Hakimu aliporuka hatua hiyo au kuiandika vibaya, ushahidi wa mtoto ulipungua uzito au ukatupwa, na watu waliohukumiwa wakatoka kwa rufaa. Mwaka 2016 utaratibu ulirahisishwa: mtoto aahidi tu kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Hata hapo, kesi nyingine zimeanguka kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa katika mwenendo wa shauri. Mtoto akaadhibiwa kwa kosa la kalamu ya mtu mzima.

Na kulikuwa na jeraha lililofanywa na serikali yenyewe. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ziliruhusu shule kumwondoa mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ikahesabiwa humo. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba aliyepata mimba hatarudi shule wakati wa utawala wake. Basi binti aliyepewa mimba na mwalimu wake alipoteza shule, na akiogopa kuipoteza alikuwa na kila sababu ya kuficha jina la aliyemtenda. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021 na Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako. Miaka ya mabinti waliofukuzwa haikurudi.

Tuigeukie fimbo, maana kanuni zake nazo ni za 2002. Ukizisoma utashangaa zilivyo na mipaka. Viboko visizidi vinne. Fimbo iwe nyepesi, inayopinda, na ipigwe kiganjani au kwenye makalio yaliyovikwa nguo. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina. Na kila tukio liandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na sahihi ya mkuu wa shule. Jiulize, msomaji, ni lini uliliona daftari hilo. Kanuni hizohizo zinaruhusu mwanafunzi anayekataa viboko, au ambaye mzazi wake amekataa kwa niaba yake, aondolewe shuleni. Ni mipaka isiyokuwa na mlinzi.

Oktoba 2016 nchi ilitazama kwenye simu video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya, kwa makofi, ngumi na mateke. Hasira ilikuwa kubwa, na waliohusika wakafukuzwa vyuoni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Machi 2019 Mahakama Kuu Bukoba ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa.

Ungedhani msiba huo ungeifunga hoja. Oktoba mwaka uleule wa 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa hadharani wanafunzi 14 wa sekondari wilayani Chunya baada ya mabweni kuchomwa moto, na Rais Magufuli akampongeza. Miaka 10 kabla yake, Februari 2009, mkuu wa wilaya ya Bukoba, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Nchi nzima ilisema walimu wamedhalilishwa, na Rais Jakaya Kikwete akamfuta kazi. Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja yanatuambia utu wa nani tumekuwa tukiutambua. Mtu mzima akichapwa, amedhalilishwa. Mtoto akichapwa, amefunzwa.

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Gerezani na Kariakoo hoja hutolewa kwa kujiamini: sisi tulichapwa, na tumekuwa watu. Takwimu hazikubaliani na utulivu huo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011 kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Zaidi ya nusu ya wasichana, na zaidi ya nusu ya wavulana, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko na mwalimu. Mwaka 2017 Human Rights Watch nayo iliandika juu ya walimu wa sekondari nchini wanaowataka wanafunzi kimapenzi, na juu ya shule nyingi zisizokuwa na njia ya siri ya kutoa taarifa.

Jirani zetu wametangulia katika mambo mawili. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikavipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Pia mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba Tume ya Walimu ya nchi hiyo inawajibika kwa unyama uliofanywa na naibu mwalimu mkuu kwa wasichana wawili. Uamuzi huo uligusa kiini cha tatizo: mwajiri hawezi kumhamisha mwalimu mchafu kutoka shule moja kwenda nyingine kisha anawe mikono. Kwetu Tanzania vyombo vipo. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya 2015, na sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa 2018. Kinachotakiwa ni uamuzi kwamba mwalimu aliyethibitika kumdhuru mtoto hatasimama tena mbele ya darasa lolote, la serikali, la binafsi au la tuisheni ya uchochoroni.

Hukumu yangu ni hii. Tumeongeza miaka ya kifungo huku tukimwachia mwalimu fimbo, na fimbo ndiyo iliyomfundisha mtoto kwamba mwili wake si wake awapo shuleni. Mtoto aliyezoeshwa kutii kwa maumivu hatapata ujasiri wa kukataa mkono unaompapasa. Bunge lifute kanuni za viboko za 2002. Mahakama ziharakishe kesi za watoto, na mahakimu waandike ushahidi wao kwa uangalifu wanaoustahili. Nawe mzazi, uliyeikagua soli ya kiatu, ikague na shule: omba kuliona daftari la adhabu, uliza mtoto akiumizwa anamwambia nani, ikataze bahasha isivuke kizingiti chako. Namba 116 ni ya bure. Mtoto akikuambia jambo, mwamini kwanza, kisha piga.