Wa kumi na moja hatajwi: safari ya 'kumi bora' katika elimu ya Tanzania

Mwaka 1922 kijana mmoja wa Vibambani, kijiji cha pwani karibu na Tanga, alikwenda Dar es Salaam kusoma. Miaka minne baadaye alipata cheti cha kumaliza shule. Wasifu wake husimulia kwamba alishika nafasi ya pili kati ya wanafunzi 11 waliofaulu. Mwaka huohuo akaenda Pangani, akaajiriwa ukarani wa forodha. Jina lake Shaaban Robert.

Leo Dar es Salaam ina Mtaa wa Shaaban Robert na Shule ya Sekondari ya Shaaban Robert. Msimamishe mpita njia yeyote mtaani hapo umuulize ni nani aliyempita Shaaban Robert kwenye mtihani ule. Kisha muulize la pili: ni nani aliyeshika mkia, yule wa kumi na moja? Naye alifaulu. Alisoma miaka ileile, akafanya mtihani uleule, akapewa cheti kilekile. Ila kama matokeo yale yangetangazwa kwa mtindo tuliouzoea miaka ya karibuni, orodha ingekomea kwa wa kumi, na yeye angebaki nje peke yake.

Desturi ya kuwapongeza wanafunzi na walimu wao imebadilika mara kadhaa katika nchi hii. Kila ilipobadilika, mtu wa kumi na moja alihesabiwa kwa namna tofauti.

Enzi ya wachache

Zama za Waingereza, shule zilikuwa chache na milango yake myembamba. Tabora, shule maarufu kuliko zote Tanganyika, ilifunguliwa 1925 ikilenga zaidi watoto wa machifu. Mtoto alianza shule ya chini, akafika darasa la nne, na hapo mchujo ukaanza. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Kufikia 1937 alikuwa Tabora. Wengi walioanza kusoma zama hizo hawakuvuka mchujo huo.

Kwa kuwa waliovuka walihesabika, hapakuwa na haja ya orodha ya bora. Kijiji kizima kilijua mtoto wa nani amekwenda bweni. Habari zilizohitaji kwenda mbali zilikuwa na gazeti lake: *Mambo Leo*, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mwaka 1923. Walimu na makarani walilipelekea mashairi na habari za miji yao, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapishwa humo. Sifa ya msomi ilikuwa kusomwa na wenzake. Nafasi aliyoshika darasani haikuwa na uzito huo.

Mwalimu aukosoa mtihani

Machi 1967, yule mwanafunzi wa Mwisenge, sasa Rais, alitoa waraka wa *Elimu ya Kujitegemea*. Humo alisema waziwazi kwamba shule ya msingi ilikuwa imegeuzwa njia ya kuwaandalia wachache sekondari, ilhali watoto takriban 13 tu kati ya 100 waliomaliza ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, na wazazi wao wakiwaona hivyohivyo. Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, impe mtoto maarifa ya kuishi nayo hata kama hatavuka.

Mwaka 1973 sheria iliunda Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, baada ya nchi kujitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, lililotaka mtihani usiwe kipimo pekee: kazi za kila siku na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Ndiyo miaka ambayo ngonjera, utanzu uliokuzwa na Mathias Mnyampala, zilienea shuleni. Hadi leo mahafali bila ngonjera ni pilau bila nyama. Watoto wawili wanasimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja anakataa shule na mwenzake anamjibu, mpaka mkaidi anakubali yaishe. Hakuna anayeuliza nani kati yao ni wa ngapi darasani.

Wilaya zilizopewa kazi

Sherehe kubwa ya elimu katika miaka hiyo, hata hivyo, haikuwa ya watoto. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha ikazitaka wilaya sita, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Masasi, zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971. Kampeni ikaenea nchi nzima. Madarasa yalikaa chini ya miembe, kwenye ofisi za kijiji, misikitini na makanisani. Walimu wengi walikuwa wanakijiji wenyewe, waliomaliza darasa la saba, wakiwafundisha mama zao na babu zao.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo kwa watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa takriban asilimia 67 ya watu wazima hawajui kusoma. Baada ya mtihani ule kiwango kilishuka hadi asilimia 39. Mitihani ya baadaye iliendelea kukishusha.

Tazama jinsi sifa ilivyogawanywa. Mtihani ulikuwa na ngazi nne, na kila mtu alipanda kwa kasi yake. Hakuna bibi wa Ukerewe aliyetangazwa kuwa wa kwanza kitaifa. Pongezi zilikwenda kwa wilaya, na wilaya ilisifiwa kwa idadi ya watu iliyowavusha. Kwa hesabu hiyo, mtu wa kumi na moja alitafutwa kwa tochi, kwa kuwa bila yeye kazi ilikuwa haijaisha.

Orodha yaingia

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002. Miaka michache baadaye zikaja shule za sekondari za kata. Watoto wakawa wengi, shule zikawa nyingi, na shule binafsi na za taasisi za dini zikashika kasi. Ghafla mzazi mwenye uwezo alikuwa na cha kuchagua, na mwenye kuchagua hutafuta kipimo.

Kipimo kikapatikana siku ya kutangaza matokeo. Katibu Mtendaji wa NECTA alikaa mbele ya vipaza sauti, akasoma kiwango cha ufaulu, kisha ukafika muda ambao kila chumba cha habari kiliusubiri: shule kumi bora, wanafunzi kumi bora, wasichana kumi bora. Majina ya Marian, Feza na St. Francis ya Mbeya yakazoeleka masikioni kama ya timu za mpira, na shule za vipaji maalumu za serikali kama Ilboru na Kibaha zikawa zinatafutwa kwenye orodha kwa wasiwasi. Wanahabari walikimbilia nyumbani kwa aliyeongoza. Mama akapiga vigelegele, baba akaeleza jinsi mwanawe alivyokuwa hapendi kucheza.

Wilaya nazo zikaiga. Kikao cha tathmini ya elimu kikawa na meza ya zawadi: ngao, cheti cha pongezi, bahasha. Shule ya kwanza iliitwa mbele na makofi, na zipo wilaya zilizomkabidhi mwalimu mkuu wa shule ya mwisho kinyago, akirudi nacho ofisini kama shahidi wa aibu. Upande wa shule zinazoshindania orodha, nyingine ziliweka wastani wake: mwanafunzi asiyeufikia arudie darasa au ahame. Mchujo ambao Mwalimu aliulalamikia 1967 ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma.

Februari 2009 hasira ya matokeo ilivuka mpaka. Mkuu wa Wilaya ya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu wanafunzi wao walifanya vibaya. Rais Jakaya Kikwete alimwondoa kazini. Lakini tukio lile lilionyesha upande wa pili wa meza ya zawadi: ikiwa ngao ni ya mwalimu mmoja, fimbo itatafuta mwingine.

Kijani, njano, nyekundu

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, yaliitikisa nchi. Watahiniwa takriban sita kati ya kumi walipata daraja sifuri. Tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, na mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Pamoja na mambo mengine, kila shule ilipangwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya yake, na kupakwa rangi: kijani kwa zinazofanya vizuri, njano kwa za kati, nyekundu kwa zilizo hatarini.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia athari za orodha hizo katika shule za msingi. Waligundua kwamba shule zilizokuwa katika asilimia 20 ya mwisho wilayani mwao zilipandisha ufaulu. Shinikizo la wilayani lilifanya kazi, maana Afisa Elimu na mwalimu mkuu wanaonana kila kikao. Lakini waligundua na jingine: shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Waliotarajiwa kushindwa waliwekwa kando kabla siku haijafika. Enzi ya kisomo, wilaya ilipata sifa kwa kumwingiza mtu darasani. Sasa shule ilijinasua kwa kumtoa.

Na mwalimu je?

Tuzo za walimu zimekuwa na njia yake. Kila Mei Mosi, ofisi na shule huteua mfanyakazi hodari, akapewa cheti na bahasha mbele ya wenzake. Chama cha Walimu Tanzania, kilichosajiliwa 1993, kimejulikana kwa kuwaaga wastaafu kwa mabati, zawadi isiyo na mbwembwe lakini inayoezeka nyumba. Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani tangu 1994, huleta hotuba.

Shida ya mfanyakazi hodari ni ileile ya kumi bora. Mara nyingi anayeonekana ni mwalimu wa darasa la mtihani. Yule wa darasa la kwanza, anayeshika kidole cha mtoto mpaka herufi *a* ikae kwenye mstari, kazi yake huvunwa miaka sita baadaye na mwingine.

Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza ilijaribu hesabu tofauti. Mradi wake wa KiuFunza ulihusisha shule 350 katika wilaya 10, na ulimlenga mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu. Katika baadhi ya shule, kila mtoto aliyefaulu somo alimpatia mwalimu wake shilingi 5,000, na mwalimu mkuu 1,000. Shule nyingine zilipewa ruzuku peke yake, nyingine zikapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha ufaulu. Motisha peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Vilipokwenda pamoja, vitabu vikiwepo na juhudi ikilipwa, watoto walijifunza zaidi.

Ulipaji ule haukujali nani wa kwanza. Kwenye karatasi ya malipo, mtoto wa kumi na moja aliyeweza kusoma hadithi alikuwa na thamani sawa na aliyeongoza: shilingi 5,000.

Makofi baada ya orodha

Januari 29, 2023, NECTA ilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, wanahabari walisubiri majina na majina hayakuja. Kaimu Katibu Mtendaji, Athumani Amasi, alieleza kwamba utaratibu wa kutangaza shule na wanafunzi bora umeachwa kwa kuwa hauna tija: waliosoma katika mazingira tofauti hawalinganishiki, na kuzitaja shule ni kama kuzitangaza.

Wapo waliolalamika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtoto wa shule ya kata aliyepenya kwenye orodha alikuwa habari njema kwa kijiji kizima. Na kiu haikufa: matokeo ya kila shule bado yapo mtandaoni, na mwenye simu hujipangia kumi bora yake jioni ileile.

Wilayani, meza ya zawadi bado inatandikwa kitambaa kila mwaka, na anayepanga orodha ya majina ana uhuru ambao Baraza la Mitihani halikuwa nao: anazifahamu shule zake. Anajua ipi ilianza mwaka na walimu wanne, ipi watoto wake huvuka mto wakati wa masika, na ni mwalimu gani wa darasa la kwanza ambaye watoto wake wote wameingia la pili wakisoma. Hayo hayamo kwenye wastani wa mtihani, ila yamo kwenye daftari la mahudhurio na kwenye kumbukumbu za Afisa Elimu Kata.

Mwaka 1926 wanafunzi 11 walipewa vyeti Dar es Salaam. Mmoja wao akaandika vitabu ambavyo watoto wa nchi hii wanavisoma bado. Siku ile ya matokeo, hakuna aliyejua ni yupi.