Ngamiani, Ng'ambo ya Reli

Anayetoka bandarini Tanga kuelekea kusini hupita kwanza penye majengo makubwa ya Wajerumani na Waingereza, kisha penye maduka ya Wahindi yenye ghorofa na roshani, halafu hukata reli. Akishaivuka yuko Ngamiani. Barabara za huko hazikupewa majina ya magavana. Zina namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kupita ya ishirini, na zimenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimuuliza mtu wa huko anakaa wapi, atakutajia namba na hatoongeza neno, na mwenyeji mwenzake ataridhika nayo.

Historia ya Tanga huandikwa mara nyingi kutoka upande wa bahari. Husimuliwa kupitia boma, bandari, vita vya 1914 na bei ya mkonge. Hayo yote yalitokea na yana uzito wake. Lakini utamaduni unaoutambulisha mji huu kwa Waswahili wa kwingineko, yaani muziki wake, mpira wake, baiskeli zake na namna watu wake wanavyoketi jioni, ulitengenezwa ng'ambo hii ya reli, na waliotengeneza sehemu kubwa yake walikuwa watu waliofika wakiwa wageni.

Pwani yenyewe ilikaliwa zamani sana. Tongoni, kusini mwa mji, kuna gofu la msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, na kisiwa cha Toten kilicho ndani ya ghuba kina magofu yake. Ni karibu na Tongoni ambako Vasco da Gama, akirejea kutoka India mwaka 1499, aliichoma moto merikebu yake São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Ila Tanga tuijuayo leo ilianza kukua Wajerumani walipoamua kuifanya mlango wa kwenda milimani.

Uamuzi huo ulizaa mambo mawili kwa wakati mmoja. Reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua, fedha zikiisha na kutafutwa tena: ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo 1905, na Moshi haikufikiwa hadi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo michache ndiko yalikoanzia mashamba ambayo kwa miongo kadhaa yaliifanya Tanganyika iongoze duniani kwa zao hilo. Mashamba yalitaka watu, na watu waliletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Wamakonde kutoka Msumbiji, Wanyakyusa, Waha, watu wa Nyasa, wa Rwanda na wa Burundi. Waliitwa manamba, wakafanya kazi kwa kadi ya siku 30 iliyoitwa kipande, wakalala kambini. Wengi walirudi makwao. Waliobaki waliingia mjini, na mjini maana yake ilikuwa Ngamiani, wakajiunga na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju na Wazigua waliokuwa wenyeji wa eneo zima.

Sasa itazamwe nyumba waliyoingia, kwa kuwa mengi yaliyofuata yalianzia humo. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ina ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, uwani kuna jiko, choo na kisima au bomba, na mbele kuna kibaraza. Mwenye nyumba, mara nyingi mama wa makamo, hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Basi Mnyamwezi wa relini, Msambaa anayeuza ndizi sokoni na Mmakonde aliyemaliza mkataba wake hujikuta wanapika kwenye uwa mmoja na kumwamkia mtu mmoja kila asubuhi. Lugha ya ukumbini ni Kiswahili, hakuna nyingine inayowezekana. Adabu ya ukumbini ni ya mwenye nyumba. Serikali hazikupanga malezi hayo, lakini yalifanya kazi kuliko amri nyingi zilizopangwa.

Kulikuwa na malezi mengine, ya darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua Tanga shule ya serikali isiyokuwa ya dini, ili watoto wa Kiislamu wa pwani nao wapate kusoma. Walitaka makarani, wakalimani na mafundi. Shule hiyo ilikuwa na kiwanda cha uchapaji, na humo ndimo lilimochapwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililoendelea hadi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Tusisahau kwamba lilikuwa gazeti chini ya macho ya mkoloni. Hata hivyo, wasomaji walipeleka barua, habari za wilaya zao na mashairi. Mwalimu aliyeko bara kabisa aliweza kusoma, kwa herufi za Kirumi, habari alizoandika mwalimu wa pwani asiyepata kumwona. Ninaposikia Kiswahili cha magazeti kikielezwa kana kwamba kilianzia Dar es Salaam, huwa natamani mzungumzaji aanze hadithi yake huku.

Vita vya Novemba 1914 husimuliwa sana, nami nitavipita upesi. Jeshi la Waingereza, askari kama 8,000 na wengi wao kutoka India, lilishuka pwani ya Ras Kazone likashindwa na kikosi kidogo mno cha Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, chenye askari wengi Waafrika. Mapigano yalipochacha, nyuki waliochokozwa mizingani waliwavamia wapiganaji, na tangu hapo vita hivyo vinaitwa vya nyuki. Mshindi wa siku ile hakudumu. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916.

Linalonigusa zaidi ni lililotokea miaka sita baadaye. Mwaka 1922, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kiliwaunganisha Waislamu na Wakristo, watu wa makabila tofauti, jambo ambalo utawala haukulizoea. Hakikuanza kwa hotuba za siasa. Kilianza kwa klabu: mahali pa kusoma magazeti, pa kujifunza, pa kupanga mechi za mpira. Wanahistoria wanakihesabu miongoni mwa mizizi ya African Association, na kwa njia hiyo ya TANU. Kabla ya mkutano wa hadhara kulikuwa na meza ya magazeti na mpira wa ngozi.

Mpira ule bado unachezwa. Coastal Union, waitwao Wagosi wa Kaya, na African Sports waliugawa mji nusu kwa nusu, na siku walipokutana uwanja wa Mkwakwani ndugu wa tumbo moja walikaa majukwaa tofauti. Coastal ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, na wazee wa vijiweni huutaja mwaka huo bila kuulizwa.

Lakini kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la Tanga la kuokoa, ningechagua muziki. Ngoma za beni, zenye sare na vyeo vya kijeshi, zilifika mapema kutoka pwani ya kaskazini, zikawa na vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Zilipopoa, nafasi ilichukuliwa na magitaa. Miaka ya 1950 na 1960 bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa na wafuasi mtaa kwa mtaa, na nyimbo zao zilisikika redioni nchi nzima. Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri kabla ya kwenda Arusha na kisha Nairobi, walikoasisi Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka kwenye bendi hiyo ikachipuka Les Wanyika, na wimbo wa "Sina Makosa" ambao Afrika Mashariki yote huuimba hadi leo. Mkenya anayeuona kuwa wa Nairobi hakosei, ila una babu Ngamiani.

Wakati huohuo taarabu ilikuwa inageuzwa. Taarabu ya Unguja ilikuwa ya okestra kubwa, fidla, kanuni na udi, na wimbo mmoja uliweza kuchukua muda mrefu. Vijana wa Black Star Musical Club ya Tanga hawakuwa na vyombo hivyo vyote. Walikuwa na magitaa ya umeme, besi na bongo, na masikio yaliyolelewa na bendi za dansi za mtaa uleule. Wakafupisha wimbo na kukoleza mdundo. Lucky Star ilizaliwa kutokana na mgawanyiko wa Black Star, na ushindani wao ukazinufaisha zote mbili. Rekodi zao zilitolewa Mombasa, zikafika hadi Burundi. Shakila Said, binti wa upande wa Pangani, aliimba na klabu zote mbili. Alifariki Agosti 2016, na sauti yake bado inapigwa asubuhi kwenye mabanda ya chai. Sijui mwimbaji mwingine wa pwani aliyeweza kusema maumivu makubwa kwa sauti tulivu namna ile.

Katika ukumbi wa onyesho, taarabu ni ya wasikilizaji kama ilivyo ya waimbaji. Mama mmoja huinuka kwenye kiti, huja mbele taratibu akicheza kwa mabega, noti juu ya kichwa, akatunza, akarudi. Ubeti aliouchagua kuuinukia una anwani, na mlengwa ameketi palepale. Ugomvi wa mpangaji na mwenzake, au wa mke na mke mwenza, humalizwa au huchochewa bila mtu kutamka jina.

Na wengi wa akina mama hao huja ukumbini kwa baiskeli. Mji ni tambarare, kazini na sokoni si mbali, nauli ni fedha, na baiskeli moja ya Phoenix huweza kurithiwa. Kwingine katika pwani hii mwanamke juu ya baiskeli hutazamwa mara mbili. Tanga hapana: bibi aliyejitanda kanga au kuvaa baibui huendesha na mjukuu kwenye karia na kikapu kwenye usukani, na fundi wa pancha chini ya mwarobaini humjua kwa jina. Asubuhi huelekea kwenye mbaazi na mahamri, jioni kwenye maziwa ya mtindi. Ng'ombe wa maziwa wa mkoa huu wamewapa watu wa mji desturi ya kuingia dukani kunywa maziwa kama wengine wanavyoingia kunywa soda.

Uchumi uliowaleta wengi wa watu hawa haukudumu. Mkonge ulianguka kwa bei ya nyuzi za viwandani na kwa usimamizi mbovu uliofuata utaifishaji baada ya 1967. Viwanda vingi vilifungwa. Tanga ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2005 huku bandari ikiwa tulivu, na sasa Chongoleani, kaskazini mwa ghuba, panajengwa mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Kazi hiyo imeshaanza kuleta wageni wapya, na baadhi yao wamepanga vyumba.

Boma la zamani la Wajerumani limekarabatiwa na kuwa makumbusho ya Urithi Tanga. Ningependa humo pawe na chumba cha Ngamiani: kipande cha manamba, ukurasa wa Kiongozi, sare ya beni, gitaa lililopigwa Atomic, santuri za Black Star, na baiskeli ya bibi mmoja. Ningependa zaidi pawe na sauti za waliopiga na waliotunza, zilizorekodiwa wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa timamu. Baadhi bado wapo, na jioni wanapatikana barazani baada ya sala ya alasiri.