Jangwani, Klabu Inayozaa kwa Ugomvi

Mwulize mzee wa Yanga asili ya Simba, atakusimulia kama baba anayemsema mtoto aliyetoroka nyumbani. Kwake yeye Kariakoo haikuwahi kuwa na klabu mbili. Ilikuwa nayo moja, kisha wakatokea waliosusa. Mzee wa Simba ana simulizi lake, na ukiwakutanisha wawili hao kwenye kahawa, usitarajie kuondoka mapema. Miaka yenyewe haina ubishi: Young Africans ilianzishwa 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa Queens, iliyokuja kuitwa Eagles, kisha Sunderland, na tangu 1971 Simba.

Yanga ilitokana na vijana wa Kiafrika waliokuwa wakicheza jioni kwenye viwanja vya Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, enzi za Mwingereza. Wazee hutaja majina kadhaa ya mwanzo kabla ya hili lililodumu. Mtu wa mtaani alilifupisha zamani likawa Yanga na kulifanya lake, na leo ukisema "Young Africans" kijiweni unaonekana unasoma barua ya serikali.

Ligi ya taifa ilipoanza 1965, Sunderland ndiyo iliyotangulia kucheka, ikachukua ubingwa miaka miwili ya mwanzo. Kisha Yanga ikaja na kikosi cha kina Maulid Dilunga na Kitwana Manara, ikatwaa ubingwa mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Mwaka huo wa kwanza wa mavuno, Sunderland ilipigwa 5-0. Katika kombe la klabu bingwa Afrika la 1969, Yanga ilifika robo fainali, ikatoka sare ya 1-1 na Asante Kotoko nyumbani na ugenini, ikatolewa kwa kura. Ukiacha bahati, hakuna kilichowatenganisha na nusu fainali.

Nyumba nayo ikasimama: jengo la makao makuu kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, lililojengwa kwa msaada wa Mzee Abeid Amani Karume, na nyuma yake uwanja uliopewa jina la Kaunda. Ukilitazama jengo lile unaelewa kwa nini wanachama wa Yanga huzungumzia klabu kwa lugha ya urithi. Anayeingia pale kugombea uenyekiti anagombea mali ya ukoo.

Nadhani kilele cha Yanga ile ya zamani kilikuwa kati ya Agosti 1974 na Januari 1975. Kwanza Nyamagana, Mwanza, ambako Simba ililala 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Kisha Zanzibar, fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati, mtani akalala tena, safari hii 2-0, mabao ya Sunday Manara na Gibson Sembuli. Benchi lilikuwa la Tambwe Leya, kocha kutoka Zaire. Timu ya namna hiyo ingeweza kutawala mpaka mwisho wa muongo.

Haikutawala. Mwaka 1976 mgogoro ulifumuka, kocha akiwa katikati yake, wanachama wakagawanyika, na waliotoka wakaunda Pan African. Matunda ya mgogoro ule yalionekana haraka. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akipiga matatu peke yake, na mpaka leo hakuna mchezaji mwingine aliyefunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi ya watani hao. Mashabiki wa Simba huimba sita zile kama ushujaa wao mtupu. Ushujaa ulikuwepo, sikatai, lakini walikutana na nyumba iliyokwisha kubomolewa na wenyewe. Simba ilichukua ubingwa miaka mitano mfululizo. Yanga ikaupata tena 1981, na mwaka uliofuata bingwa akawa Pan African, aliyetoka tumboni mwake. Taifa Stars ilipokwenda Lagos 1980 kwa fainali za Mataifa ya Afrika, Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na Juma Pondamali walikuwa watu wa Pan.

Sunday Manara, yule mfungaji wa Zanzibar, yeye alikuwa amekwenda Uholanzi, klabu ya Heracles. Mwanawe, Haji, akaja kuwa msemaji wa Simba kwa miaka, kabla ya kuvuka kwenda Yanga mwaka 2021. Kariakoo hayo si maajabu.

Ugomvi wa Jangwani haukuzaa klabu tu, ulizaa pia makundi: Kandambili na Raizoni, wavaa ndara upande mmoja na wenye viatu vya fahari upande wa pili. Baadaye yakaja Yanga Asili na Yanga Kampuni, ugomvi uleule ukiwa umevaa suti. La kushangaza ni kwamba katikati ya vurugu hizo timu ilikwenda Kampala ikabeba kombe la Afrika Mashariki na Kati 1993, ikarudia hukohuko 1999, na 1998 ikawa timu ya kwanza ya Tanzania kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kisha wakaja wenye fedha. Yusuf Manji alianza kama mfadhili, akawa mwenyekiti, na alipojiondoa 2017 pengo lilionekana mpaka kwenye mishahara. Simba ilichukua ubingwa misimu minne. Nafasi ya ufadhili ikashikwa na kampuni ya GSM, na 2021 wanachama wakakubali mfumo wa hisa: wao asilimia 51, wawekezaji 49. Hersi Said akachaguliwa rais 2022. Msimu wa 2022/23 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa bao la ugenini. Novemba 2023 Simba ilipigwa 5-1.

Pan African imekuwa ikihangaika madaraja ya chini kwa miaka mingi. Jangwani, tangu mfumo ubadilike, wapo wanaonung'unika kwamba klabu si ya wanachama tena, na wanayasema hayo wakiwa wamevaa jezi ya kijani na njano. Bado hakuna aliyeondoka kwenda kuanzisha timu yake.