Mkufunzi wa walimu wa hisabati: kazi yake, na kwa nini Pwani inamhitaji

Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itakuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu. Anayechukua mkondo wa sayansi atasoma hisabati kamili, na wa mikondo mingine watasoma hisabati nyepesi zaidi, lakini hakuna atakayeikwepa. Swali linalobaki majumbani ni hili: mtoto aliyeachwa nyuma na hesabu tangu gredi ya 3 atafikaje huko?

Jibu lililozoeleka ni tuisheni. Lakini tuisheni humfikia mtoto ambaye mzazi wake ana cha kulipa. Iko njia nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kumsaidia mwalimu mwenyewe, ndani ya darasa lake, ili watoto wote arobaini au sitini wafaidike kwa pamoja. Anayefanya kazi hiyo ndiye mkufunzi wa walimu.

Ni nani huyu?

Katika shule za umma mkufunzi huyu ni afisa wa kusaidia mtaala, anayejulikana zaidi kwa herufi CSO. Walimu wa zamani walimjua kama mkufunzi wa TAC. Ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), amepewa zoni yenye shule kadhaa, na anatarajiwa kuzizuru, kukaa darasani na kuwashauri walimu. Huyu hashughulikii hisabati peke yake, bali masomo yote. Baadhi ya mashirika na shule za kibinafsi huajiri wakufunzi wa hisabati pekee.

Kazi hii ina historia humu nchini. Mwaka 1998 serikali, ikishirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwapiga msasa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Kutokana na mradi huo kikazaliwa kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Wajapani wenyewe wana desturi ya miaka mingi: walimu huketi pamoja kuandaa somo moja, mmoja wao akalifundisha, na wenzake wakaja darasani kuwatazama wanafunzi wanavyofikiri. Wakitoka hulijadili somo na kulirekebisha.

Kwa shule za msingi, mradi wa Tusome ulioanza 2015 uliwapa maafisa hawa vishikwambi vya kurekodi masomo ya kusoma waliyoyatazama. Mradi wa PRIEDE nao ukaleta vitabu vya hisabati kwa madarasa ya chini, pamoja na mafunzo ya walimu na ziara za maafisa hao darasani. Mantiki ya miradi yote ni moja: semina ya siku tatu hotelini haibadilishi mengi ikiwa hakuna atakayemfuata mwalimu darasani kuona kama yale aliyofundishwa yanafanya kazi.

Ziara inavyokwenda

Ziara nzuri ina sehemu tatu. Kabla ya somo, mkufunzi na mwalimu huzungumza kwa dakika chache: leo watoto wajifunze nini, na ni wapi huenda wakakwama? Wakati wa somo mkufunzi haongei. Hapandi mbele kumnyang'anya mwalimu chaki. Huzunguka polepole akitazama madaftari. Baada ya somo wawili hao huketi faraghani, chini ya mwembe au katika afisi, wakalizungumzia jambo moja tu.

Tuchukue mfano wa 52 kutoa 27. Jibu ni 25, lakini ukipita madaftarini utakuta watoto wengi wameandika 35. Mwalimu mwenye haraka hutia alama ya kosa na kusonga mbele. Mkufunzi huhesabu ni wangapi walioandika 35, kisha humwuliza, "Mwalimu, hii 35 watoto wameitoa wapi?" Wakiitafuta pamoja wanagundua kwamba mtoto ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu 7 ndiyo kubwa, halafu akatoa 2 kwenye 5. Hakukisia. Amefuata kanuni aliyojitungia mwenyewe, na ataifuata kila siku mpaka mtu aione. Dawa yake ni kumpa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake.

Katika madarasa ya juu makosa hubadilika sura. Mtoto husema 0.15 ni kubwa kuliko 0.3 kwa sababu 15 inaishinda 3. Mwingine hujumlisha nusu na thuluthi akapata mbili juu ya tano. Kila kosa lina njia yake, na kazi ya mkufunzi ni kumzoesha mwalimu kuitafuta njia hiyo kabla hajasahihisha jibu.

Mkaguzi au msaidizi?

Hapa ndipo penye ugumu. Tangu 2016 TSC ina mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, na afisa huyo huyo anayekuja kusaidia anaweza pia kuhusika na tathmini. Mwalimu akisikia anakuja, hutoa somo alilokwisha kulifundisha wiki iliyopita, watoto wakainua mikono kwa shangwe. Kila mtu anafurahi na hakuna aliyejifunza kitu.

Mkufunzi mwenye busara hulitatua hili mapema. Humwambia mwalimu waziwazi kama siku hiyo amekuja kutathmini au kusaidia. Akija kusaidia, daftari lake huandika walichofanya watoto, si dosari za mwalimu, na humwonyesha mwalimu alichoandika kabla hajaondoka.

Utajiri wa hesabu za Pwani

Mkufunzi anayefanya kazi Pwani ana hazina ambayo vitabu havimwonyeshi, nayo ni lugha. Mtoto anayesema "kumi na tatu" ameshataja kumi moja na mamoja matatu. Neno la Kiingereza la namba hiyo halimwonyeshi hivyo. Lakini "ishirini" na "thelathini" ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na hayasemi makumi ni mangapi. Mwalimu akilijua hilo, atatulia kwenye ishirini na kuwaambia watoto: haya ni makumi mawili.

Saa nayo ina mtego. Mtoto anajua saa mbili na robo asubuhi, lakini kitabu kinaandika 8:15. Asipofunzwa kwamba tofauti ni saa sita, ataonekana hajui saa ilhali anaijua vizuri kuliko kitabu kinavyodhani.

Kwenye sehemu za namba ndiko tuliko matajiri zaidi. Nusu, thuluthi, robo, sudusi na thumuni ni maneno ya nyumbani. Bibi aliyepima nafaka kwa vibaba alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, kwa hiyo kibaba ni robo. Mirathi ya Kiislamu nayo ni somo zima la hisabati. Tuseme marehemu, ambaye baba yake alikwisha kufariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata thumuni, mama sudusi, na kinachobaki ni cha mtoto. Ukigawa mali mafungu 24, mke ana 3, mama ana 4, na mtoto ana 17.

Sasa mwachie mwanafunzi ajumlishe fungu la mke na la mama kwa njia ya makosa, juu kwa juu na chini kwa chini. Moja juu ya nane na moja juu ya sita atazifanya mbili juu ya kumi na nne, yaani moja ya saba. Lakini moja ya saba ni ndogo kuliko sudusi ya mama peke yake! Wawili wamekuwaje na kidogo kuliko mmoja? Mwanafunzi wa madrasa ataliona kosa hilo mwenyewe, bila kupigiwa kelele. Jibu sahihi ni 7 juu ya 24. Wala si jambo geni kuyachanganya haya: al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake maarufu cha aljebra huko Baghdad karne ya tisa, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya urithi na wasia.

Vikwazo

Zoni moja ina shule nyingi na afisa ni mmoja. Lamu Mashariki, kwenda Faza au Kizingitini kunahitaji chombo cha baharini, na kuna misimu bahari haipitiki. Tana Delta mafuriko hukata barabara. Mkufunzi asipopewa nauli atazizuru shule za kando ya lami, na zile za mbali, zenye uhitaji mkubwa zaidi, zitabaki na jina lake tu katika orodha. Na ziara moja kwa muhula haitoshi kubadili ufundishaji wa mtu.

Anayetaka kazi hii

Njia ya serikali huanzia ualimu. Lazima uwe umesajiliwa na TSC na uwe na miaka ya kufundisha, kisha nafasi zinapotangazwa na tume hiyo unaomba. Kwa kijana wa Pwani, masomo ya ualimu yapo karibu: Chuo cha Walimu cha Shanzu mjini Mombasa, na Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi.

Wapo pia wanaoanza kama wasaidizi wa utafiti. Tathmini za Uwezo, zilizoanza Kenya 2009, ziliwatumia watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba kupima kusoma na hesabu za watoto. Kazi ya namna hiyo inataka idhini ya mzazi, siri kuhusu majina ya watoto, na subira ya kumsikiliza mtoto bila kumnong'onezea jibu. Aliyeizoea subira hiyo ameshapata nusu ya ukufunzi.

Mzazi afanye nini?

Katika mkutano ujao wa wazazi, uliza maswali matatu kwa heshima. Je, afisa wa mtaala amefika shuleni muhula huu? Aliketi katika somo la hisabati? Baada ya kuondoka, mwalimu alibadilisha nini? Usimwulize mwalimu peke yake, kwani yeye naye huenda anamsubiri mkufunzi huyo huyo. Mwulize mwalimu mkuu na bodi ya shule, na ikiwa jibu ni kwamba hakuna aliyefika, pelekeni barua ya pamoja katika afisi ya TSC ya kaunti ndogo. Ziara hizo ni haki ya shule yenu.